Muwasho Sehemu za Siri kwa Wanaume: Tuuzungumze Bila Haya



Katika ziara za mradi huku Chilangala na vijiji vingine vya Newala na Masasi, kuna jambo ambalo wanaume hulisema tu baada ya kikao kufungwa na kina mama kuondoka. Ni muwasho wa ngozi sehemu za siri. Wengi hukaa nalo miezi mingi. Wengine humtuhumu mke kuwa ameleta ugonjwa, na nyumba hukosa amani. Mara nyingi chanzo si uasherati. Tukijua vyanzo vyake tutaokoa ngozi, fedha na hata ndoa.

VYANZO VINAVYOONEKANA ZAIDI HUKU KWETU

1. Salfa ya mikorosho. Kuanzia Juni, wakulima hupuliza salfa ya unga kuzuia ubwiri unga. Vumbi hilo huingia ndani ya nguo, huchanganyika na jasho na kunata kwenye vinena, ambako ngozi ni laini. Huleta ukavu, muwasho na kuungua.

2. Mafuta ya ganda la korosho. Ganda bichi lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Mtu anayebangua korosho nyumbani kisha akaenda kujisaidia bila kunawa, huyahamishia sehemu za siri. Kwa hiyo, anawe kwa sabuni KABLA ya kwenda chooni, si baada tu.

3. Fangasi. Hushambulia vinena na mapaja ya ndani. Huonekana kama baka lenye ukingo ulioinuka linalozidi kupanuka. Hupenda jasho, nguo za kubana na nguo zilizovaliwa zikiwa mbichi. Fangasi wa aina nyingine huota kwenye kichwa cha uume, hasa chini ya govi. Wakirudi mara kwa mara, mhusika apimwe kisukari.

4. Upele. Huwasha zaidi usiku, na huacha vipele vigumu kwenye uume na mfuko wa korodani. Mara nyingi watoto na mama nao hujikuna. Huenea kwa kugusana ngozi kwa ngozi, pamoja na kulala kitanda kimoja.

5. Sabuni kali na dawa za kubahatisha. Sabuni ya kufulia, dawa za kuulia vijidudu na spiriti huunguza ngozi.

TATIZO LA MAJI

Hatuwezi kulitenga jambo hili na maji. Uwanda wetu wa Makonde uko juu, na udongo wake hunywa mvua yote. Chemchemi ziko mabondeni. Mradi wa Maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950 kwa kusukuma maji kutoka chini, lakini kaya nyingi bado hutegemea mvua na ndoo ya kununua. Maji yakiwa machache, kuoga huwa kitu cha kwanza kupunguzwa. Hata hivyo, lita mbili zinatosha kunawa sehemu za siri na vinena. Baba akirudi kutoka kupuliza salfa, lita hizo ni dawa, si anasa.

NAMNA YA KUJITUNZA

• Nawa kila siku kwa maji na sabuni laini, suuza vizuri, kisha KAUSHA kabla ya kuvaa.
• Vaa chupi ya pamba isiyobana, na uianike juani.
• Nguo za salfa zivuliwe nje na zifuliwe peke yake.
• Kwa fangasi wa vinena, krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 hupakwa mara mbili kwa siku. Usiache mara tu muwasho unapokoma; endelea kama wiki mbili zaidi.
• Kwa upele, nyumba nzima itibiwe siku moja, kuanzia shingoni hadi nyayo. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, au yafungwe kwenye mfuko siku tatu. Muwasho unaweza kuendelea wiki chache baada ya wadudu kufa, hivyo usirudie dawa bila ushauri.
• USIJIPAKE salfa ya shambani. Ni kweli kuna dawa ya upele yenye salfa, lakini hiyo huchanganywa kwa kipimo.
• Jihadhari na krimu za mchanganyiko zenye steroidi. Hutuliza kwa siku chache, lakini fangasi huendelea kusambaa na ngozi huwa nyembamba.

NENDA ZAHANATI MAPEMA

Ukiona kidonda, malengelenge, usaha, maumivu wakati wa kukojoa au uvimbe wa korodani, usijitibu. Hizo zinaweza kuwa dalili za magonjwa ya zinaa au maradhi mengine. Nenda na mwenzi wako, mpimwe pamoja, na VVU pia.

WITO KWA KAMATI ZA SHARIKA

Tunaziomba kamati zitenge muda wa kina baba peke yao kabla ya msimu wa kupuliza, na kumwalika mhudumu wa zahanati. Wafadhili wetu wapendwa, mnaposaidia tanki la kuvunia maji ya mvua, msidhani mmesaidia maji ya kunywa tu. Mmempa mkulima uwezo wa kunawa salfa kabla ya kulala.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kuwa mwili ni hekalu (1 Kor. 6:19). Hekalu halina chumba cha kuonewa haya. Tulitunze lote.

Mungu awabariki.

Mratibu wa Miradi, Dayosisi