Mara: Mto Uanzao Penye Majani ya Chai

Wasafiri wa siku hizi wana njia mbili za kuutembelea mto. Kuna anayeshuka ndani yake kwa kayaki, yaani kile kimtumbwi chembamba kilichofunikwa juu, ambacho asili yake ni watu wa nchi za barafu za kaskazini, naye hukaa akiwa maji yamempakata kiunoni na kasia mkononi. Na kuna anayepanda angani, kwa ndege ndogo au kwa puto, akautazama mto kama atazamaye ramani iliyotandazwa sakafuni. Wa kwanza huujua mto kwa baridi yake na mkondo wake. Wa pili huujua kwa umbo lake. Suali ni hili: je, yuko kati ya wawili hao aujuaye mto wenyewe?

Mfano mkubwa wa mambo haya uko Marekani, penye mto Colorado. Mto huo umekata jangwa kwa mamilioni ya miaka hata ukachimba korongo la Grand Canyon, ambalo urefu wake ni kilomita 446 na kina chake hupita kilomita moja na nusu. Mwaka 1869 John Wesley Powell, mtu aliyekuwa na mkono mmoja tu baada ya kuupoteza mwingine vitani, aliongoza mashua nne kulipita korongo hilo, na wenziwe wengine hawakufika mwisho. Baadaye zikaja ndege. Mwezi wa Juni 1956 ndege mbili za abiria ziligongana juu ya korongo hilo hilo, wakafa watu 128, na tokea hapo Wamarekani wakajifunza kwamba hata mbingu inayotazamia uzuri yahitaji sheria.

Lakini msomaji asilolijua ni jambo moja linalopita yote hayo. Mto huo, unaosifiwa na kupigwa picha kuliko mito mingi duniani, tokea miaka ya 1960 ni nadra kuifikia bahari yake. Maji huzuiwa na mabwawa, hunywewa na miji na mashamba, na kule mwisho, katika nchi ya Meksiko, hubaki mchanga mkavu. Watu wanaomiminika kulitazama korongo ni wengi mno. Wanaokwenda kuulizia mlango wa mto ni wachache.

Sasa turudi kwetu. Nasi Afrika ya Mashariki tunao mto unaotazamwa kwa namna hiyo hiyo, nao ni mto Mara. Dunia nzima imeuona kwenye filamu: nyumbu kwa maelfu wakijitosa, mamba wakingoja, vumbi likipanda. Basi wengi hudhani kwamba mto huo umezaliwa hapo hapo nyikani. Sivyo. Mama yake yuko juu, kwenye baridi na ukungu, katika msitu wa Mau na mashamba ya chai ya Bomet.

Mtu wa pwani akifika nchi ya Kericho na Bomet kwa mara ya kwanza, jambo la kwanza limshangazalo ni kijani. Si kijani cha minazi yetu, chenye kuchanganyika na manjano ya jua. Ni kijani kilichonyoa vilima vyote kwa kipimo kimoja, kama msala uliotandikwa usiokunjwa. Mvua ya Kericho kwa mwaka hufikia kama milimita 2,000, aghalabu huja alasiri, na mara nyingi huja na mawe yanayotoboa majani ya chai. Mvua hiyo ndiyo mali ya nchi ile. Na sisi wa Mombasa, Lamu na Malindi tunaila mali hiyo bila ya kuifikiria: chai hiyo hushuka hadi Mombasa, ambako mnada wake umekuwa tangu 1969 ulipohamishwa kutoka Nairobi, nasi huimimina vikombeni pamoja na mahamri na mbaazi. Kila kikombe ni mvua ya Mau iliyokaukia jani.

Maji ya nchi ile hugawana njia. Mengi ya upande wa Kericho huingia katika mto Sondu, uitwao pia Miriu, ambao tangu 2008 huzungusha mitambo ya umeme ya megawati 60 kabla haujaingia ziwa la Victoria. Upande wa Bomet hutoka mito miwili. Mmoja ni Nyangores, upitao karibu na mji wa Bomet na kuanguka kwa kishindo penye maporomoko ya Tenwek. Wa pili ni Amala, upitao chini ya daraja la Mulot. Mito hii miwili ikikutana, ndipo jina la Mara huanza. Kutoka huko hata ziwani, karibu na Musoma katika nchi ya Tanzania, ni mwendo wa kilomita kama 395, na maji huteremka kutoka kimo cha karibu mita 3,000 hadi mita 1,134.

Je, mtu aweza kuushuka mto huu kwa kayaki, kama wafanyavyo vijana kule Sagana kwenye mto Tana? Huku juu, penye mawe na mapovu, mwenye ujuzi angeweza kujaribu. Lakini akishafika nyikani, mto una wenyewe. Viboko wamo kwa maelfu, na kiboko hana mzaha na chombo kinachopita juu ya kichwa chake. Mamba nao ni wale walioshibia nyumbu. Mwaka 2017 watafiti walitoa hesabu kwamba kwa wastani nyumbu 6,200 hufa maji kila mwaka katika sehemu ya Kenya ya mto huu, na mizoga yao hulisha samaki, ndege na wadudu kwa miezi. Hapo si mahali pa kimtumbwi.

Kwa hivyo watu wakapanda angani. Alan Root, mpiga filamu za wanyama, na mkewe Joan walikwisha kuruka kwa puto juu ya Kilimanjaro mwaka 1974, na mwaka 1976 ikaanzishwa biashara ya kuwapandisha wageni kwa puto katika Maasai Mara. Puto huruka alfajiri, kwa kuwa wakati huo hewa imetulia na upepo haujaamka. Moto huvuma, kisha hunyamaza, na mtu husikia simba akinguruma chini yake. Malipo ya safari hiyo ya saa moja hupita dola 400 kwa kichwa. Wasemao kwamba ni uzuri usio kifani hawasemi uwongo.

Waama, puto huenda upendako upepo, na mgeni huonyeshwa nyika tu. Lau upepo ungempeleka kaskazini, juu ya chanzo, angeona sura nyingine. Angeona mstari ambapo msitu mweusi unakoma na mashamba yanaanza. Mstari huo ulikuwa mbali zaidi zamani. Mwaka 1986 serikali ilianzisha ukanda wa chai wa Nyayo, chai ikapandwa ukingoni mwa msitu iwe kama ua, mtu asivuke. Wazo lilikuwa zuri, ila ua haumzuii aliye na ruhusa. Mwaka 2001 serikali yenyewe ilikata zaidi ya hekta 60,000 za msitu wa Mau, na mwaka 2009 kikosi kilichoundwa kuchunguza kikasema kwamba karibu robo ya msitu ilikuwa imetoweka katika miaka 15.

Msitu ni kama mtungi wa udongo: huipokea mvua kwa pupa na kuitoa kwa kidogo kidogo. Ukivunjwa, maji huja yote kwa pamoja, mekundu kwa udongo, kisha huadimika wakati wa kiangazi. Na mikaratusi iliyopandwa kando ya mito kwa ajili ya kuni hunywa kuliko mgeni aliyetoka safari.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Watu waliohamishwa Mau mwaka 2018 na 2019, maelfu kwa maelfu, wengi wao walikuwa na vyeti vya ardhi mikononi, wamenunua kwa jasho lao, na watoto wao walikuwa na madaftari ya skuli. Mkulima wa chai mwenye shamba la eka moja hana bwawa wala puto. Ana majani ya kuchuma na karo ya kulipa. Ukimwambia auhifadhi mto kwa ajili ya nyumbu wa wageni, atakuuliza naye anapata nini katika dola zile 400. Na suali lake ni la haki. Anayeufaidi mto kule chini hana budi kumkumbuka anayeutunza kule juu.

Kule mwisho nako kuna watu. Karibu na Musoma mto hutawanyika katika vinamasi vya mafunjo, na wavuvi hupita kwa mitumbwi. Mwezi wa Machi 2022 maji ya huko yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya serikali ya Tanzania ikataja kinyesi cha mifugo na majani yaliyooza, wengine wakabisha, lakini aliyekuwa na kiu hakungoja mabishano yaishe. Tokea 2012 nchi hizi mbili huadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba. Ni jambo jema, kwani mto haujui mpaka.

Dini yetu imetufunza kutofanya israfu ya maji hata kwa mwenye kutawadha ukingoni mwa mto utiririkao. Maana yake ni wazi: wingi wa maji mbele yako si ruhusa, kwa kuwa chini yako yuko mwingine atakayetawadha. Sisi wa pwani tunaokaa penye milango ya mito tungepaswa kulielewa hili kuliko wote. Sabaki ukifurika, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya matope, na matope hayo ni mashamba ya watu wa bara. Nasi huko ni watu wa mwisho kupokea. Basi nimewatungia wa juu na wa chini ubeti mmoja:

Maji yashuka mlima, yaelekea bondeni,
Yapita penye kulima, yafika kwa hayawani,
Wa juu wakiwanyima, wa chini watanywa nini?
Ujirani ulo mwema, huonekana majini.

Anayetaka kuuona mto Mara na apande puto, kama anayo mali hiyo. Lakini asiiache Bomet bila ya kusimama juu ya daraja la Nyangores na kuitazama rangi ya maji. Yakiwa safi, nyika iko salama. Yakiwa mekundu, nyumbu na wavuvi wa Musoma watapata habari baada ya siku chache.