Pango la supamaketi: Deni lililokaa nje ya vitabu

MFANYABIASHARA wa Kariakoo anayelipa kodi ya pango ya mwaka mzima kabla hajapanga bidhaa dukani ana faraja moja: mwaka ukiisha, yeye na mwenye nyumba hawadaiani. Supamaketi huingia mjini kwa njia nyingine. Husaini mkataba wa miaka mitano, kumi au zaidi, kisha hulipa kidogo kidogo.

Sahihi hiyo ni deni. Hata hivyo, kwa miaka mingi deni hilo halikuonekana katika mizania, yaani taarifa inayoonyesha mali za kampuni, madeni na mtaji wake. Kodi iliandikwa kama matumizi ya mwaka husika, na kiasi kilichosalia hadi mwisho wa mkataba kilitajwa katika maelezo ya nyuma ya hesabu, kurasa ambazo wasomaji wachache huzifikia.

Hali hiyo ilibadilishwa na kiwango cha kimataifa cha IFRS 16, kilichotolewa Januari 2016 na kuanza kutumika Januari 1, 2019. Tanzania, kupitia Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), inafuata viwango hivyo tangu Julai 2004. Tangu 2019, kampuni inayotumia viwango kamili hulazimika kuandika deni la pango katika mizania, na upande wa mali kuandika haki ya kulitumia jengo. Mikataba isiyozidi miezi 12 inaweza kuachwa.

Chukua mfano wa kubuni. Supamaketi imepanga jengo kwa miaka 10, kodi Sh milioni 240 kwa mwaka, inayolipwa mwisho wa kila mwaka. Jumla ni Sh bilioni 2.4, lakini fedha ya mwaka wa kumi haina uzito wa fedha ya leo. Kwa riba ya asilimia 15, deni linaloandikwa siku ya kwanza ni takriban Sh bilioni 1.2. Mwaka wa kwanza riba yake ni Sh milioni 181. Kampuni inapolipa zile milioni 240, deni linapungua kwa Sh milioni 59 tu. Juu ya riba hiyo huongezwa uchakavu wa ile haki ya kutumia jengo, Sh milioni 120, hivyo gharama ya mwaka wa kwanza inafika Sh milioni 301, zaidi ya kodi yenyewe. Miaka ya mwisho mambo hugeuka, kwani riba huwa imepungua. Tatizo ni kuifikia miaka hiyo.

Wapo wasioifikia. Bodi ya kimataifa iliyotunga kiwango hicho ilitoa mfano wa Circuit City, kampuni ya maduka ya Marekani iliyofilisika 2008: mizania yake ilionyesha mikopo ya wastani wa dola milioni 50, wakati ahadi zake za pango zilizidi dola bilioni 4.

Dar es Salaam nayo imeyaona maduka makubwa yakija na kuondoka. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake matatu nchini, likiwamo la Kamata, jirani na Kariakoo, kwa Nakumatt ya Kenya, iliyoyachukua mwaka 2014. Mwaka huohuo hisa za Uchumi, pia ya Kenya, ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Oktoba 2015 Uchumi ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda. Nakumatt ilifuata: mwaka 2017 wenye majengo kadhaa Nairobi waliitoa kwa malimbikizo ya kodi, Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Si haki kusema pango peke yake liliziua kampuni hizo. Zilikuwa na madeni ya kila namna. Lakini mwenye jengo ana silaha asiyokuwa nayo msambazaji wa unga au sabuni: anaweza kufunga mlango.

Msambazaji huyo ndiye mwenye sababu kubwa ya kusoma mizania. Anapopeleka shehena kwa mali kauli na kuahidiwa malipo baada ya siku 60 au 90, anaikopesha kampuni fedha bila dhamana. Rafu zilizojaa humpa moyo, ilhali bidhaa zilizo juu yake huenda ni za wadai wenzake.

Hapo pana tundu moja. Kampuni binafsi zisizouza hisa kwa umma zinaruhusiwa kutumia kiwango chepesi cha kampuni ndogo na za kati, na toleo lake la tatu, la Februari 2025, halikuchukua utaratibu wa IFRS 16. Kwa hiyo supamaketi ya kampuni binafsi inaweza bado kuonyesha mizania isiyo na deni la pango la kawaida, bila kuvunja kanuni yoyote. Anayetaka kuikopesha hana budi kufungua yale maelezo ya nyuma na kutafuta kodi itakayolipwa miaka ijayo.

Hata panapotumika kiwango kamili, yapo yasiyoingia. Kodi inayokokotolewa kwa asilimia ya mauzo huachwa nje ya deni. Pango la dola nalo lina hila yake: shilingi ikishuka, deni hupanda, ilhali ile mali iliyoandikwa upande wa pili haisogei. Kanuni za Serikali za Machi 2025 zilipiga marufuku malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, na hivyo kuibana mikataba ya aina hiyo.

Wala kusaini mkataba wa mwaka mmoja mmoja si kinga kamili. Mpangaji aliyejenga vyumba vya baridi na kufunga mashine za mamilioni katika jengo hatarajiwi kuondoka Desemba, na mkaguzi wa hesabu atamuuliza ni miaka mingapi hasa anakusudia kukaa.