Kasenga: mji unaotulisha, nasi hatuujui



Hapa Hewa Bora, ukimwuliza kijana aliyemaliza masomo anangoja nini, jibu liko moja tu: kazi kwenye migodi. Mimi pia nilingoja. Zaidi ya miaka miwili nilitembeza bahasha ya diploma, jioni narudi nyumbani kula bukari na tomson, yule samaki wa friji anayetoka baharini, mbali kabisa. Siku moja mama mudogo, ambaye anauza samaki, akaniambia: "Mutoto yangu, samaki haingojake diploma. Kuya twende Kasenga." Nikaenda. Leo nataka kuwaeleza mji huo, sababu wengi wetu tunaujua kwenye sahani tu.

Kasenga iko zaidi ya kilometa 200 kaskazini-mashariki ya Lubumbashi, kandokando ya mto Luapula. Mto huo unatoka ziwa Bangweulu huko Zambia, unatenganisha nchi zetu mbili, kisha unaingia ziwa Mweru, ndilo tunaloita Moero. Ukisimama ukingoni, ng'ambo ni Zambia. Watu wa pande zote wanasikilizana kwa Kibemba, wanaoana na kuuziana.

Kwa nini soko kubwa likamea pale? Sababu ni shaba. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, mji wetu ukazaliwa mwaka 1910, na wafanyakazi wote wale walipaswa kula. Wafanyabiashara Wagiriki wakakaa Kasenga, wakaleta mashua na barafu, wakapeleka samaki migodini kwa malori. Aliyetafutwa sana ni mpumbu. Wakati wa mvua mpumbu alipanda mto kwa wingi ili atage mayai, na hapohapo ndipo nyavu zilimngoja. Sasa fikiri kidogo: ukikamata mama kabla hajazaa, mwaka kesho utavua nini? Kufika mwisho wa miaka ya 1940, wingi ule wa mpumbu ulikuwa umekwisha. Miaka iliyofuata watu wakageukia samaki wengine, hata chisense, wale wadogo wa ziwani wanaoanikwa juani.

Leo wenye soko ni wanawake. Asubuhi na mapema wanangojea mitumbwi, wanapatana bei wakati samaki bado anarukaruka. Kisha kila mmoja anachagua: barafu, chumvi, moshi ao jua. Uchaguzi huo ndio biashara yenyewe. Samaki mbichi analipa vizuri zaidi, lakini hana huruma. Aliyekaushwa bei yake iko chini, ila anavumilia njia.

Mimi nilijifanya mwenye akili. Mama mudogo alisema tukaushe, nikabisha na hesabu zangu za chuo. Nikachukua falanga alizonikopesha mama mzazi, nikajaza samaki mbichi. Mvua ikanyesha, lori likazama katika tope, tukalala njiani siku mbili. Barafu ikawa maji. Tulipofika Lubumbashi, harufu ilitangulia kutushukia. Mama hakunigombeza. Aliuliza tu: "Na mama yako mudogo, alisema nini?" Deni hilo nililipa miezi saba, kwa samaki wa kukaushwa.

Lakini Kasenga si biashara tupu. Jioni mto unatulia, watoto wanaoga, na kinga zinapita na mizigo mirefu kuliko mwenye kuziendesha. Upande wa magharibi kuna Kundelungu, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970, na maporomoko ya Lofoi yanayoanguka zaidi ya mita 300. Ng'ambo ya mto, huko Mwansabombwe, kila Julai watu wa Mwata Kazembe wanacheza Mutomboko, ngoma ya ushindi ya Walunda. Mababu zao walitoka huku kwetu, kwa Mwata Yamvo. Tunalipa pesa nyingi kutafuta maajabu mbali, na historia yetu iko pale mtoni.

Sisemi wote tuache kutafuta kazi za migodi. Nasema tu kwamba mpumbu alikuwa mwingi, akaisha. Shaba nayo haitagi mayai. Mto bado unaweza kuzaa, kama utaachiwa nafasi: upande wa Zambia, uvuvi unafungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane. Mtu aliyesoma biolojia, uchumi ao ufundi wa baridi ana kazi ya kufanya pale, hata kama hakuna aliyeitangaza.

Mukitaka kwenda, endeni kiangazi, njia iko afadhali. Fikeni sokoni kabla jua halijapanda. Na mama wa pale akikuambia "kausha", weka diploma mfukoni, ukaushe.