Upimaji wa ujuzi wa kiufundi wa meneja wa TEHAMA

Upimaji wa ujuzi wa kiufundi wa meneja wa TEHAMA ni sehemu ya usaili inayomwezesha mwajiri kujua kama mwombaji anaweza kusimamia kompyuta, mitandao, usalama wa data na wafanyakazi wa idara hiyo. Upimaji huu ni mgumu kwa sababu mara nyingi wasaili wenyewe si wataalamu, na mwombaji hodari wa kusema huweza kuonekana mjuzi kuliko alivyo.

Kinachopimwa

Si lazima meneja aandike programu au afunge nyaya yeye mwenyewe. Anatakiwa kuelewa kiasi cha kutambua hatari, kupanga bajeti na kudai ushahidi kwamba kazi ya wakandarasi imekamilika.

Mfano ni benki ya TSB ya Uingereza. Mnamo Aprili 2018 ilihamishia data za wateja kwenye mfumo mpya. Mfumo huo ulileta hitilafu kubwa, na wateja wengi walishindwa kutumia akaunti zao. Mwaka 2022 benki ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65. Mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wake wa TEHAMA alitozwa binafsi pauni 81,620 kwa kutohakikisha ipasavyo kwamba mkandarasi alikuwa tayari.

Njia za kupima

Vyeti huonyesha kwamba mtu amesoma na kufaulu mtihani, lakini havionyeshi atafanya nini mfumo ukianguka. Mwaka 1998 wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walichapisha muhtasari wa utafiti wa miaka 85 kuhusu uajiri. Walionyesha kwamba jaribio la kazi na usaili wa maswali yaliyopangwa hutabiri utendaji vizuri kuliko mazungumzo huria, na kuliko idadi ya miaka ya uzoefu. Mwaka 2022 watafiti wengine walipunguza makadirio mengi ya aina hiyo, lakini usaili uliopangwa ulibaki juu katika orodha.

Kwa meneja, jaribio la kazi linaweza kuwa tukio la kubuni: mfumo wa mishahara umezimika siku moja kabla ya malipo. Mwombaji mzuri huuliza kwanza nani ameathirika, hugawa kazi, huwaarifu viongozi, kisha huulizia nakala rudufu.

Swali jingine lenye manufaa ni: "Mara ya mwisho ulijaribu lini kurejesha data kutoka kwenye nakala rudufu?" Mnamo 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab ilifuta kwa bahati mbaya data za hifadhidata yake kuu, ikagundua kwamba njia zake kadhaa za kutunza nakala hazikuwa zikifanya kazi. Data za takriban saa 6 zilipotea.

Utoaji wa alama

Waombaji wote huulizwa maswali yaleyale, na mwongozo wa alama huandikwa kabla ya usaili, kama ule wa kusahihishia mitihani. Kila msaili hutoa alama peke yake kabla ya majadiliano. Taasisi isiyo na mtaalamu inaweza kumwalika mmoja kutoka nje.

Jaribio halipaswi kufanyika kwenye mfumo unaotumika, wala kumtaka mwombaji atoe siri za mwajiri wake wa awali.