Mwanamume na mwanamke upande mmoja wa wavu: Somo tunalolipuuza

Mnamo Septemba 20, 1973, watu zaidi ya elfu thelathini walifurika katika ukumbi wa Astrodome mjini Houston, Marekani, kumtazama Billie Jean King akipambana na Bobby Riggs katika tenisi. Riggs, aliyekuwa na umri wa miaka 55, alikuwa amejigamba kote kwamba hata mwanamume aliyezeeka angaliweza kumlaza mwanamke aliye katika kilele cha nguvu zake. Mwezi wa Mei mwaka huo huo alikuwa amemwadhiri Margaret Court wa Australia kwa seti mbili kavu, 6-2 na 6-1. King alimkomesha kwa 6-4, 6-3 na 6-3.

Ulimwengu haujachoka kuisimulia habari hiyo. Lisilosimuliwa ni kwamba watu hao watatu walikuwa mabingwa wa kucheza pamoja na jinsia ya pili, si dhidi yake tu. Riggs alitwaa taji la Wimbledon mwaka 1939 akishirikiana na Alice Marble. King alitwaa taji lilo hilo mwaka 1973, miezi miwili na ushei kabla ya Houston, akiwa na Owen Davidson wa Australia. Naye Court alijikusanyia mataji 21 ya aina hiyo katika mashindano makuu manne ya tenisi duniani. Hata hivyo, waliposhirikiana na wenzao hatukuwaona. Tuliwaona walipogombana.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Kuna aina ya mchezo ambao kila upande huwa na mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na alama wanayoipata ni yao wote wawili. Tuuite mchezo wa jozi mseto. Wengi huuchukulia kuwa kitumbuizo cha kupitishia wakati baada ya michezo ya maana kumalizika. Nasema kwamba huo ni upotovu wa fikira, na kwamba shule zetu zinapoteza kitu cha thamani kwa kuupuuza.

Yafaa nieleze mapema kwamba si kila kinachoitwa mseto ni ushirikiano. Mwanamume anaweza kumweka mwanamke uwanjani kama pambo, kisha akakimbilia kila mpira mwenyewe. Kinachotenganisha ushirikiano wa kweli na ule wa jina si ukarimu wa mwanamume. Ni kanuni za mchezo, pamoja na muda ambao wenzi hao wametumia kujuana.

Tuanze na tenisi ya mezani. Kanuni yake ya wawili wawili ni kali isiyo na huruma: lazima wenzi wapokezane kuupiga mpira. Akiupiga mwanamume, unaofuata ni wa mwanamke, hata kama umemwangukia mwanamume mkononi. Ndiposa utawaona wakizungukana nyuma ya meza bila kukoma, huyu akitoka na yule akiingia. Hakuna wa kumficha mwenzake wala wa kujificha nyuma ya mwenzake. Mchezo huu ulipoingizwa katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, fainali iliwakutanisha Xu Xin na Liu Shiwen wa China na Wajapani Jun Mizutani na Mima Ito. China ilikuwa imezoa kila dhahabu ya tenisi ya mezani tangu Olimpiki ya mwaka 2008. Wajapani walipoteza seti mbili za mwanzo, na wengi wakadhani mambo yamekwisha. Walizinduka, wakashinda kwa seti 4-3, na kuipa nchi yao dhahabu ya kwanza kabisa katika mchezo huo. Siri yao ilikuwa nini? Wote wawili ni wazaliwa wa mji mmoja, Iwata, na walikuwa wakifahamiana tangu Ito akiwa mtoto mdogo. Kila mmoja alijua mwenzake angekanyaga wapi kabla hajainua mguu.

Katika mchezo wa vinyoya, yaani badimintoni, kanuni hailazimishi kupokezana. Desturi ndiyo inayotawala. Aghalabu mwanamke husimama mbele karibu na wavu, naye mwanamume hukaa nyuma akikipiga kinyoya kwa kishindo. Mtazamaji asiyejua humsifu anayepiga kishindo. Anayejua humtazama yule wa mbele, kwa kuwa ndiye anayemlazimisha adui kukiinua kinyoya juu ili mwenzake wa nyuma apate cha kupiga. Mnamo Agosti 17, 2016, katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, Tontowi Ahmad na Liliyana Natsir waliipatia Indonesia dhahabu kwa mtindo huo. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa nchi yao, na hiyo ndiyo iliyokuwa dhahabu pekee ya Indonesia katika michezo ile.

Yapo pia mafunzo kutoka kwa walioshindwa. Katika mashindano ya riadha ya dunia mjini Doha mwaka 2019, mbio mseto za kupokezana vijiti za mita 400 kwa wakimbiaji wanne ziliziachia timu uhuru wa kupanga nani atangulie. Poland iliwatanguliza wanaume wake wawili, ikajipatia uongozi mkubwa mno, kisha ikawaacha wanawake wawili waulinde peke yao huku wanaume wa nchi nyingine wakiwafukuza kwa nyuma. Walipitwa, wakakosa medali. Miaka miwili baadaye, mjini Tokyo, Poland ilibadilisha mpango, ikawaweka wanawake katikati ya wanaume, na ikatwaa dhahabu. Tangu mwaka 2022 wasimamizi wa riadha duniani wameamua kwamba mwanamume huanza, mwanamke hufuata, na hivyo hivyo hadi mwisho.

Huko huko Tokyo, Marekani ilifanya kosa la namna nyingine katika kuogelea. Ilimweka mwisho Caeleb Dressel, mwogeleaji aliyetwaa dhahabu tano katika michezo hiyo, ikitumaini kwamba angeokoa jahazi. Alipojitosa majini, jahazi lilikuwa limekwisha kwenda mbali. Marekani ilimaliza ya tano, na Uingereza ikashinda kwa rekodi ya dunia. Shujaa mmoja, hata awe hodari vipi, hatoshi kuwabeba wenzake waliopangwa ovyo.

Fedha nazo zimeanza kuutambua mchezo huu, ingawa kwa namna ya kutatanisha. Mwaka 2025 waandalizi wa mashindano ya tenisi ya US Open waliyapunguza mashindano ya jozi mseto hadi jozi 16, wakazifupisha seti, wakawaalika nyota wa mchezo wa mmoja kwa mmoja, na kuipandisha zawadi ya washindi kutoka dola 200,000 hadi dola milioni moja. Wachezaji waliobobea katika mchezo wa wawili wawili walilalamika hadharani kwamba wamefungiwa mlango. Waitaliano Sara Errani na Andrea Vavassori, mabingwa wa mwaka 2024, walikuwa miongoni mwa wachache wa kundi hilo waliopewa nafasi. Wakawapita nyota hao mmoja baada ya mwingine, na katika fainali wakawashinda Iga Swiatek wa Poland na Casper Ruud wa Norway. Umaarufu wa wawili waliokutanishwa jana haukufua dafu mbele ya mazoea ya wawili waliozoeana.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu na Waasia pekee. Cara Black na kaka yake Wayne, wa Zimbabwe, walitwaa taji la mseto la Ufaransa mwaka 2002 na lile la Wimbledon mwaka 2004. Waliufunzwa mchezo huo na baba yao, nyumbani kwao, wakiwa watoto. Mzazi huyo hakumwambia binti akae kando hadi kaka zake wamalize.

Na sisi Wakenya je? Tunayo sifa ambayo hatuitangazi. Mwaka 2017, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika Kampala, mbio mseto za kupokezana zilishirikishwa kwa mara ya kwanza, na Kenya ikashinda. Mwaka 2023 tulishinda tena huko Bathurst, Australia, na mwaka 2024 tukashinda mjini Belgrade, Serbia. Katika kikosi cha Bathurst alikuwamo Emmanuel Wanyonyi, ambaye mwaka uliofuata alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 800 mjini Paris. Jina lake linajulikana hadi vijijini. Lakini ni wangapi wanaokumbuka kwamba dhahabu ya Bathurst aliipata pamoja na Mirriam Cherop, Daniel Munguti na Brenda Chebet? Tunajua kushinda pamoja, ila hatujajifunza kusherehekea pamoja.

Kasoro hiyo huanzia shuleni. Katika shule nyingi zenye wavulana na wasichana, watoto huketi darasa moja, husoma kitabu kimoja na kufanya mtihani mmoja. Kengele ya michezo ikilia, hugawanyika kama maji na mafuta. Wavulana huchukua uwanja, wasichana huchukua pembe iliyosalia. Mvulana hukua akimjua msichana kama mtazamaji wa kumshangilia, naye msichana humjua mvulana kama mwenye uwanja. Kisha tunawataka watu hawa, wakifika umri wa miaka thelathini, washirikiane kazini, katika vyama vya ushirika na nyumbani, kana kwamba ushirikiano huota wenyewe kama magugu.

Mwaka 1902 mwalimu mmoja wa shule mjini Amsterdam, Nico Broekhuysen, alilitafutia jawabu tatizo hili. Alibuni mchezo wa mpira wa kikapu uitwao korfball, ambao leo kila timu huwa na wanaume wanne na wanawake wanne. Mwanamume humkaba mwanamume, na mwanamke humkaba mwanamke. Kwa kanuni hiyo moja, nguvu za mwili hazimkandamizi yeyote, na timu haiwezi kushinda kwa kuwategemea wanaume pekee. Mwalimu huyo hakusubiri jamii ibadilike ndipo atunge kanuni. Alitunga kanuni, watoto wakazoea.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wapo wazazi watakaouliza kuhusu adabu. Jibu langu ni kwamba mchezo huchezwa mchana, mbele ya walimu na wanafunzi wote, na kwa sheria zinazojulikana. Vijana wanaokutana hadharani kwa kazi yenye nidhamu hujifunza kuheshimiana kuliko wale wanaokatazwa kukutana, wakaishia kukutana vichochoroni.

Wapo pia watakaohofu kwamba mchezo wa mseto utayameza mashindano ya wasichana wenyewe. Hofu hii ina uzito, wala haifai kubezwa. Mwaka 1996, katika Olimpiki ya Atlanta ambako badimintoni ya mseto ilichezwa kwa mara ya kwanza, Pauline Konga alitwaa fedha katika mita 5,000, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata medali ya Olimpiki. Aliipata katika mbio za wanawake, na mlango huo haupaswi kufungwa hata kidogo. Jozi mseto iwe nyongeza juu ya mashindano ya wasichana, isiwe badala yake.

Ninalopendekeza halihitaji mamilioni. Tuanze na tenisi ya mezani, kwa kuwa kanuni yake inamlazimu kila mmoja kubeba mzigo wake. Shule isiyo na meza ya duka inaweza kujenga ya saruji chini ya mti na kuweka safu ya matofali pahala pa wavu. Badimintoni nayo yahitaji raketi nne, kamba na ua lililofagiliwa. La muhimu zaidi ni kwamba alama za jozi mseto zihesabiwe katika jumla ya alama za shule, sawasawa na alama nyingine. Zawadi zake zitolewe siku ile ile na kwa uzito ule ule, wala fainali yake isisukumwe hadi jioni wakati mabasi yamekwisha kuwashwa na watazamaji wanaondoka.

Kisichohesabiwa hakiheshimiwi. Siku mvulana atakapojua kwamba kikombe cha shule yake kinategemea pigo la msichana aliye kando yake, hatamwuliza kwa nini amekuja uwanjani. Atamwuliza watafanya mazoezi saa ngapi kesho.