Kabla hujamnyang'anya mtoto simu, muulize anacheza nini

WAZAZI wengi tukisikia neno ‘gemu’ tunawaza bunduki, magari ya mbio na mtoto anayekesha. Hofu hiyo ina msingi. Lakini ipo michezo inayomfundisha mtoto kutunza mazingira na kuwahurumia wengine, nayo huishia kupigwa marufuku pamoja na ile mibaya.

Mfano ni Terra Nil, uliotengenezwa na kampuni ya Free Lives ya Afrika Kusini na kutoka mwaka 2023. Mchezaji anakabidhiwa ardhi iliyokufa. Anaweka mitambo ya upepo apate umeme, anasafisha udongo wenye sumu, anarudisha maji, majani, misitu na mwishowe wanyama. Akimaliza, ni lazima akusanye mitambo yake yote na kuondoka, pori libaki lenyewe.

Kwa vijana wakubwa upo This War of Mine, wa mwaka 2014 kutoka Poland. Mchezaji anaongoza raia waliokwama katika mji uliozingirwa na majeshi, kama ilivyokuwa Sarajevo miaka ya 1990. Chakula na dawa ni haba. Je, atawaibia wazee ili mwenzake apone? Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuuingiza katika orodha ya hiari ya usomaji shuleni. Watoto wadogo usiwape; una mambo mazito.

Karibu zaidi na kwetu yupo Lual Mayen wa Sudan Kusini, aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza fedha kwa miaka mitatu akamnunulia kompyuta mpakato. Kijana akajifunza mwenyewe, akabuni Salaam, mchezo ambao mchezaji ni mkimbizi anayeikimbia vita.

Hata hivyo, mchezo mzuri haulei mtoto peke yake. Angalia umri uliopendekezwa kabla ya kupakua. Weka muda wa kucheza na muda wa kuzima. Kisha keti naye dakika kumi akuonyeshe anachofanya, umuulize: “Kwa nini umechagua hivyo? Ingekuwa ni jirani yetu, ungefanyaje?”

Na akifurahia kuotesha msitu kwenye kioo cha simu, mtafutie mche mmoja wa mwembe aupande nyuma ya nyumba, na kumwagilia iwe kazi yake.