Kodi ya Zuio katika Uuzaji wa Nyumba Marekani: Fedha Zinazoshikwa Kabla ya Hesabu

Nyumba inapouzwa nchini Marekani na mtu asiyeishi katika jimbo ilimo, sheria za majimbo kadhaa huagiza kwamba sehemu ya bei ikatwe na kupelekwa katika idara ya mapato ya jimbo hilo kabla muuzaji hajakabidhiwa fedha zake. Makato hayo ni kodi ya zuio, yaani fedha ambazo anayelipa hulazimika kuzizuia na kuziwasilisha serikalini kwa niaba ya anayelipwa, ili zihesabiwe dhidi ya kodi ambayo huyo wa pili atadaiwa mwaka utakapokwisha. Muuzaji anayeyachukulia makato haya kuwa kodi yenyewe huweza kuacha serikalini fedha ambazo ni haki yake, na anayeyapuuza huweza kufika siku ya kukamilisha mauzo akakuta kwamba kilichobaki hakitoshi hata kulipa gharama za kuhama.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki utaratibu huu unahitaji kutofautishwa na ule anaoufahamu. Nchini Kenya, kwa mfano, anayeuza ardhi au jengo hutozwa kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida halisi, na akishailipa jambo limekwisha, kwa kuwa sheria huihesabu kuwa kodi ya mwisho. Zuio la majimbo ya Marekani halina sifa hiyo ya mwisho, kwani ni amana inayoshikwa hadi muuzaji awasilishe ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka, ndipo ijulikane kama anadai au anadaiwa. Vilevile lisichanganywe na kodi ya uhamisho wa milki, ambayo hulipwa wakati hati inapoandikishwa na hairudi kwa yeyote, hata kama nyumba imeuzwa kwa hasara.

Msingi wa sheria

Katika mfumo wa shirikisho la Marekani, faida itokanayo na nyumba hutozwa kodi ya mapato na jimbo ambamo nyumba imejengwa, hata kama mwenyewe anaishi kwingine, na jimbo analoishi nalo huweza kuihesabu faida hiyohiyo katika mapato yake. Majimbo kama Texas, Florida na Nevada hayatozi kodi ya mapato ya watu binafsi, na kwa sababu hiyo hayana cha kuzuia. Majimbo yanayotoza yanakabiliwa na ugumu mmoja, kwamba muuzaji asiye mkazi akishapokea fedha zake huwa hana tena mali wala mshahara ndani ya mipaka ya jimbo, na kumfuatilia huko aliko kwa ajili ya ritani ambayo hakuiwasilisha ni kazi yenye gharama kubwa na matokeo haba.

Suluhisho lililopatikana ni kumtumia mnunuzi pamoja na wale wanaoshika fedha za mauzo, yaani mawakili na kampuni zinazothibitisha umiliki wa hati, ambao wote wako ndani ya mamlaka ya jimbo. Katika majimbo mengi mnunuzi asiyezuia fedha zinazotakiwa huweza kudaiwa yeye mwenyewe kiasi hicho, na ndiyo maana mawakili wake huwa wakali kuhusu nyaraka hata pale muuzaji anapoapa kwamba hadaiwi kitu. Maryland na New Jersey zimekwenda mbali zaidi kwa kuifungamanisha kodi na daftari la ardhi, kwa kuwa hati ya asiye mkazi haiandikishwi mpaka iambatane na ushahidi wa malipo au tamko la msamaha.

Njia hii iliimarishwa kwanza na serikali kuu. Mwaka 1980, kufuatia hofu iliyoenea kwamba wageni walikuwa wakinunua mashamba ya Marekani na kuyauza bila kulipa kodi, Bunge lilipitisha sheria inayojulikana kwa kifupisho cha FIRPTA, iliyowatoza wageni kodi juu ya faida ya ardhi na majengo. Mwanzoni sheria hiyo ilitegemea taarifa za kuripoti umiliki, lakini mwaka 1984 Bunge likaongeza zuio la asilimia 10 ya bei, lililopandishwa hadi asilimia 15 mwaka 2016. Majimbo yalipoiga mbinu hiyo yalipanua maana ya mgeni, kwa sababu machoni pa Hawaii au Maine raia wa Marekani anayeishi Texas ni asiye mkazi sawa na anayeishi Nairobi. New Jersey ilianza utaratibu wake mwaka 2004, nao ukapachikwa jina la kodi ya kuhama, ingawa hautozi kodi yoyote mpya. California ilivuka hata mpaka huo mwaka 2003 kwa kuwaingiza wakazi wake wenyewe, kiasi kwamba mkazi wa Los Angeles anayeuza nyumba ya kupangisha naye hukatwa kama hana sababu ya msamaha.

Bei au faida

Tofauti kubwa kati ya majimbo haimo katika asilimia inayotajwa bali katika kile kinachozidishwa kwa asilimia hiyo. Kodi ya mapato hutozwa juu ya faida, yaani bei ya kuuzia baada ya kuondoa bei ya kununulia, gharama za maboresho na gharama za mauzo, ilhali zuio katika majimbo mengi huhesabiwa juu ya bei nzima, kwa kuwa bei imeandikwa katika mkataba na kila mtu anaiona, na faida inahitaji vielelezo ambavyo mnunuzi hawezi kuvikagua.

Athari ya uamuzi huo huonekana wazi katika mfano wa hesabu. Ichukuliwe nyumba ya pili, isiyokuwa makazi makuu ya mwenyewe wala ya kupangisha, iliyonunuliwa miaka michache iliyopita kwa dola 560,000 na sasa inauzwa kwa dola 600,000, ikiwa na deni la benki la dola 520,000, huku dalali, wakili na gharama nyingine za mauzo vikichukua dola 36,000. Faida ya muuzaji ni dola 4,000 tu, na fedha zitakazobaki baada ya benki na gharama kulipwa ni dola 44,000. Iwapo nyumba hiyo iko Hawaii, ambako kiwango cha zuio tangu Septemba 2018 ni asilimia 7.25 ya bei, zitakatwa dola 43,500 na muuzaji ataondoka na dola 500. Kwa kuwa kiwango cha juu kabisa cha kodi ya Hawaii juu ya faida ya mali iliyomilikiwa zaidi ya mwaka mmoja nacho ni asilimia 7.25, kodi anayodaiwa kweli haiwezi kuzidi dola 290, na hivyo jimbo linashika zaidi ya dola 43,000 zisizokuwa zake hadi zitakapoombwa.

Nyumba hiyohiyo ikiwa Maine, zuio la asilimia 2.5 ya bei litakuwa dola 15,000, na ikiwa Colorado, ambako huzuiwa kiasi kidogo zaidi kati ya asilimia 2 ya bei na fedha zinazombakia muuzaji, litakuwa dola 12,000. Kanuni ya New Jersey hutaja kiwango cha juu cha kodi ya mapato, ambacho ni asilimia 10.75, juu ya faida, na kwa hesabu hiyo zingekatwa dola 430, lakini sheria huongeza kwamba kiasi hicho kisipungue asilimia 2 ya bei, na hivyo muuzaji hurudishwa kwenye dola 12,000. California huzuia theluthi moja ya sehemu ya kumi ya bei, yaani dola 20,000, ila humruhusu muuzaji achague hesabu mbadala ya asilimia 12.3 ya faida, ambayo katika mfano huu ni dola 492. Chaguo hilo hufanywa katika fomu 593, na asiyelifahamu hukatwa kwa bei nzima bila mtu yeyote kuwa amevunja sheria.

Milango ya msamaha

Msamaha unaowahusu watu wengi zaidi ni wa makazi makuu, yaani nyumba ambayo mtu huishi kwa kawaida. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1997 huondoa katika kodi faida isiyozidi dola 250,000 kwa mtu mmoja, au dola 500,000 kwa mume na mke wanaowasilisha ritani ya pamoja, iwapo nyumba ilimilikiwa na kukaliwa kwa jumla ya miaka miwili katika mitano iliyotangulia mauzo. Majimbo mengi huufuata mpaka huo, nayo hukubali tamko lililotiwa saini badala ya fedha. Hata New Jersey, yenye sifa ya kuwabana wanaohama, humsamehe zuio muuzaji anayethibitisha kwamba nyumba yake ilikuwa makazi makuu kwa maana ya sheria hiyo.

Misamaha mingine huhusu mauzo ya bei ndogo, kama yale yasiyozidi dola 100,000 huko California na Colorado, pamoja na mali ya uwekezaji inayobadilishwa kwa mali nyingine ya aina hiyo chini ya masharti maalumu yanayoahirisha kodi. Muuzaji asiye na faida, au ambaye fedha zitakazobaki hazitoshi kufidia zuio, huweza kuomba Hawaii kwa fomu N-288B cheti cha kuliondoa au kulipunguza, naye muuzaji wa mfano uliotolewa hapo juu angekuwa na hoja nzuri ya kupunguziwa.

Jambo linalounganisha milango hii yote ni kwamba hufunguliwa kabla ya mauzo kukamilika na hufungwa baada yake. Maine, kwa mfano, hutaka ombi la msamaha liwe limepokewa siku tano za kazi kabla ya siku ya kukamilisha, na kuchelewa hapo humwacha muuzaji bila njia isipokuwa kukatwa kwanza na kudai baadaye.

Wageni na wanaorejea nyumbani

Kwa Watanzania, Wakenya, Wakongo na wengine wa Afrika Mashariki waliowahi kununua nyumba Marekani, suala huwa na tabaka mbili ambazo hazifuati kipimo kimoja. Serikali kuu huangalia uraia na hadhi ya ukazi wa kikodi, na kwa hiyo raia wa Marekani, au mwenye kibali cha ukazi wa kudumu ambaye hajakiacha, hakatwi chini ya FIRPTA hata akiwa amehamia Dodoma, ilimradi atie saini tamko la kwamba yeye si mgeni. Jimbo huangalia mahali anapoishi, na mtu huyohuyo, akiwa ameshaondoka Maryland, huhesabiwa kuwa asiye mkazi na huweza kukatwa, hasa kama nyumba aliigeuza ya kupangisha na miaka yake miwili ya kuikalia imeshatoka ndani ya ile mitano.

Asiyekuwa na uraia wala kibali hubeba tabaka zote mbili. Zuio la FIRPTA ni asilimia 15 ya bei, ila hushuka hadi asilimia 10 mnunuzi anapokusudia kuishi katika nyumba na bei haizidi dola milioni 1, na huondoka kabisa anapokusudia kuishi humo na bei haizidi dola 300,000. Katika mfano wa Hawaii, hata kwa kiwango kilichopunguzwa, serikali kuu ingedai dola 60,000 juu ya dola 43,500 za jimbo, ilhali fedha zilizobaki ni dola 44,000, na muuzaji angelazimika kutoa fedha mfukoni ili auze nyumba yake. Kinga yake ni kuomba cheti cha kupunguziwa kwa fomu 8288-B kabla ya siku ya mauzo au siku hiyohiyo, kwa kuwa ombi likishawasilishwa mnunuzi bado hukata fedha, lakini haziwasilishi serikalini mpaka uamuzi utoke, jambo ambalo kwa kawaida huchukua takriban siku 90. Mume na mke wenye hadhi tofauti hawachukuliwi kuwa mtu mmoja, kwani zuio la FIRPTA huhesabiwa kwa hisa ya yule aliye mgeni peke yake.

Kurudishiwa fedha

Fedha zilizozidi hurudishwa kwa njia ya ritani ya asiye mkazi, inayowasilishwa katika jimbo la nyumba mwaka wa mauzo ukishaisha, ingawa Hawaii humruhusu muuzaji kuomba mapema kwa fomu N-288C. Ritani hiyo humtaka aoneshe bei ya kununulia, risiti za maboresho na taarifa ya mwisho ya mauzo, na anayekosa vielelezo huweza kutozwa kodi juu ya faida ambayo hakuipata. Anayeishi katika jimbo jingine lenye kodi ya mapato huweza pia kupunguziwa huko, lakini kiasi kinachotambuliwa ni kodi iliyothibitishwa na ritani na si fedha zilizozuiwa, na hivyo kutumia tarakimu ya zuio katika hesabu hiyo ni kosa.

Utaratibu huu umetatua tatizo la jimbo kwa kumhamishia muuzaji mzigo wa subira, na uzito wa mzigo huo humwangukia zaidi mwenye faida ndogo na deni kubwa kuliko mwenye faida nono, ambaye zuio lake hukaribiana na kodi anayodaiwa kweli. Sheria zenyewe zinaukubali udhaifu huo kwa kuweka hesabu mbadala na vyeti vya kupunguza, ila huduma hizo hazimfikii asiyeziomba. Kwa hiyo swali la ukazi, hesabu ya faida na fomu ya msamaha humpasa muuzaji ayashughulikie pamoja na wakili au mtaalamu wa kodi wa jimbo husika tangu nyumba inapotangazwa sokoni, kwa kuwa mkataba ukishatiwa saini tarehe huanza kukimbia, na mnunuzi hana sababu ya kungoja.